Na wasaidizi wake

Mdogo wangu alikuwa ameshaandika jina lake, imebaki sahihi tu, kalamu ikasimama hewani.

"Dada, hawa wasaidizi ni kina nani?"

Akanisogezea fomu. Mstari wenyewe umechapwa kwa herufi ndogo, nakubali kufanyiwa upasuaji wa pua na daktari, hapo jina limejazwa kwa mkono, halafu maneno matatu: na wasaidizi wake. Nikamwangalia dada wa mapokezi. Akatabasamu, akasema "aa, ni timu tu", akageukia simu iliyokuwa inaita. Mdogo wangu akasaini, mimi nikasaini pale pa shahidi, tukatoka.

Hizo ni wiki kadhaa zilizopita. Upasuaji umeshafanyika, plasta imeshatoka, kila anayepiga simu anaulizia pua. Mimi bado niko kwenye ule mstari.

## Timu tu

Nieleweke hapa, ugomvi wangu haukuwa na upasuaji. Mdogo wangu ni mtu mzima na pua ni yake, hilo tulilimaliza kwa kelele na machozi mwaka jana na silirudii. Daktari tulimchunguza mpaka tukachoka wenyewe: kasoma wapi, kabobea kwenye nini, pua ngapi zimepita mikononi mwake, picha za kabla na baada tukazikuza kwenye simu mpaka zikabaki vidoti. Tulijua hadi mkono anaochorea.

Na katika kuchunguza kote huko hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza mle ndani atakuwa na nani.

Ukikaa ukiwaza inachekesha kidogo. Picha zile zote zina sura ya mgonjwa na jina la daktari, basi, kwa asiyejua ataona watu wawili walijifungia chumbani, mmoja akalala, mwingine akachonga, wakatoka wameongozana. Na mimi nilikuwa naona hivyo hivyo! Nikijitahidi sana namwongeza nesi mmoja kwenye kona, anafuta jasho la daktari kama kwenye tamthilia.

Usiku wa ile fomu ndiyo nikaanza kuwawazia hao watu. Kwanza niliwaona ni watu wa kubeba mabeseni. Kufika asubuhi nilishawafanya watu wa hatari, yaani mtu ambaye sijamchunguza, sijui kasoma wapi, ataingiza mkono kwenye uso wa mdogo wangu akiwa nusu kaputi na hawezi hata kusema "subiri kidogo".

## "Ana mikono mingapi?"

Nina shoga yangu ni nesi wa thieta, miaka mingi, pua na masikio na koo ndiyo kazi yake ya kila wiki. Nikampigia nikamsomea ule mstari. Akacheka.

"Wewe unadhani daktari ana mikono mingapi?"

Miwili.

"Haya. Mmoja umeshika mkasi, wa pili umeshika koleo. Tundu la pua nani analishikilia liwe wazi? Damu nani anaifyonza? Uzi nani anaukata? Na ukihitajika uzi mwingine ulioko kwenye pakiti, nani anaifungua, maana waliovaa glavu safi wote hawaruhusiwi kugusa karatasi ya nje?"

Nikanyamaza. Akaanza kunipanga.

Anayekaa ng'ambo ya daktari, uso kwa uso, kichwa cha mgonjwa kikiwa katikati yao, ndiye msaidizi wa kwanza. Anaweza kuwa daktari mwingine, anaweza kuwa daktari anayesomea ubingwa, kwingine ni nesi aliyesomea hasa kazi hiyo ya kusaidia. Kazi yake ukiisikia unaidharau: ameshika kulabu ndogo yenye meno mawili, ameinua ukingo wa tundu la pua, mkono wa pili umeshika mrija wa kufyonza damu. Anashikilia tu. Lakini ashikilie saa mbili, wakati mwingine zaidi, bila kutetemeka, avute kiasi kile kile, maana akivuta zaidi ngozi nyembamba ya pale inachanika, na akilegeza daktari haoni anachokata. Shoga yangu anasema kidole gumba kinakufa ganzi, na ole wako upige chafya.

Pembeni yao amesimama nesi wa vifaa, huyo ndiyo yeye mwenyewe. Hapa sauti yake ilibadilika, mtu akielezea kazi yake unasikia. Anasema kwenye pua ya kawaida anapanga vifaa vingi kwenye meza na kila kimoja kina pahali pake, daktari hageuki kuangalia, ananyoosha mkono macho yakiwa kwenye pua, na kifaa kinatakiwa kitue kiganjani kwa kishindo kidogo, kikielekea upande wa kutumika, ili asihitaji kukizungusha. "Akishaniomba kwa mdomo nimechelewa," anasema. Anaifuata pua kwa macho kama mtu anayefuata mpira, anajua hatua inayokuja.

Halafu kuna lile bakuli.

Hili nalipenda. Daktari akitoa kipande cha gegedu, ule mfupa laini, mara nyingi kwenye ule ukuta wa katikati ya pua, ambao lazima aubakize na fremu ya kutosha, walau sentimita moja juu na mbele, vinginevyo pua itadidimia, basi kile kipande hakitupwi. Ndiyo mbao ya fundi. Kitachongwa vipande vidogo vya kushikilia ncha au kunyoosha mwamba wa pua. Kipande chenyewe unaweza kukifunika kwa kidole gumba, cheupe, kinateleza, na kinamsubiri daktari kwenye bakuli la maji ya chumvi katikati ya meza iliyojaa gozi, vile vitambaa vya kufyonzea, zenye damu. Kikidondoka sakafuni, au kikabebwa na gozi kikaenda kwenye taka, kingine kitatafutwa wapi? Sikioni, au kwenye ubavu, kwa kidonda kipya ambacho mgonjwa hakukitarajia. Kwa hiyo bakuli lile lina mlinzi. Shoga yangu anasema daktari mgeni akisogeza mkono kuelekea bakuli bila kusema, yeye anatangulia kulifunika kwa kiganja.

Ni huyo huyo anayebandika lebo kwenye kila bomba la sindano na kila kibakuli, maana dawa ya ganzi, adrenalini ya kubana mishipa ya damu, ya kulowekea vipande vya pamba, na maji ya chumvi, vyote vinaonekana kama maji ya kunywa, na adrenalini ya kuloweka ikichomwa kama sindano moyo hautakuelewa.

Na kuna msaidizi wa tatu, nesi asiyevaa gauni safi, anayezunguka. Yeye ndiye mkono wa chumba kwa dunia ya nje, anafungua pakiti, anaandika ubaoni, anapokea simu, anahesabu gozi na sindano pamoja na mwenzake kabla ya kuanza na tena kabla ya kufunga, kwa sauti, na hesabu isipotimia hakuna anayeenda nyumbani mpaka kitu kipatikane.

(Naomba nichepuke kidogo. Zile glavu ambazo leo hatuwezi kuwaza thieta bila hizo zilianzia kwa msaidizi. Mwishoni mwa 1889 kuelekea 1890, hospitali ya Johns Hopkins kule Marekani, nesi wa vifaa anaitwa Caroline Hampton mikono yake ilikuwa inababuka kwa dawa ya zebaki waliyotumia kuua vijidudu. Mpasuaji wake, William Halsted, akaagiza kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Wakaoana mwaka 1890. Wasaidizi wengine wakazipenda wakaanza kuvaa, wapasuaji wenyewe walichelewa. Yaani kitu kinachomlinda mgonjwa leo kiliingia chumbani kwa ajili ya mikono ya msaidizi, nikaona niliandike mahali.)

Idadi hiyo si msahafu. Kuna pua ndogo zinafanywa kwa ganzi na dawa ya kusinzia tu, watu wachache. Kuna zinazohitaji gegedu la ubavu, hapo mikono inaongezeka, mmoja anafunga kifua huku mwingine ameshaanza usoni. Lakini peke yake? Shoga yangu anasema daktari akimwambia atafanya pua peke yake, yeye angechukua mkoba wake akaondoka.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilikuwa naogopa wasaidizi wawepo. Siku ya pili nikaanza kuogopa wasiwepo wa kutosha.

## Nyundo

Nilidhani tumemaliza. Nikamwuliza kwa uzembe tu, kama mtu anayeaga, "na ile ya kuvunja mfupa, daktari anafanyaje?"

"Ile? Daktari anashika patasi, msaidizi anagonga."

Ati?

Akanielezea taratibu maana aliona nimekosa pumzi. Pua ikiwa na nundu imeondolewa, au ni pana juu, mifupa ya pande mbili inakatwa ili isogezwe ikutane. Patasi yenyewe nyembamba, milimita mbili tatu hivi. Daktari mkono mmoja umeiongoza, wa pili uko juu ya ngozi, kidole kinaisikia ncha ya patasi inapita wapi chini yake, na hicho kidole hakitakiwi kuondoka kwa sababu juu kidogo tu kuna jicho. Mikono imeisha. Kwa hiyo nyundo iko kwa mwingine. Daktari anasema "gonga", msaidizi anagonga, mara nyingi viwili viwili, ta-ta, cha kwanza kidogo cha pili kikubwa, anasimama, anasubiri, "gonga", ta-ta.

Wapo madaktari wanaogonga wenyewe, na siku hizi wapo wanaokata mfupa kwa vifaa vya mtetemo badala ya patasi. Lakini njia ya zamani ndiyo hiyo, na bado inatumika sana.

Nilikata simu nikakaa kitandani. Miezi yote ile ya kuchunguza mkono wa daktari, kumbe pigo lenyewe linatoka kwa mtu ambaye kwenye fomu hana jina.

Sikumwambia mdogo wangu. Kwa siku nne sikumwambia.

## Hofu yenyewe

Katika siku hizo nne nilifanya lile ambalo kila mtu anakwambia usifanye, nikaingia mtandaoni usiku.

Nikakutana na habari ya Korea Kusini. Mwaka 2016 kijana mmoja alifanyiwa upasuaji wa taya wa urembo, akatoka damu nyingi, wiki kadhaa baadaye akafariki. Mama yake akaipata video ya kamera ya chumba cha upasuaji akaiangalia tena na tena, na humo ndimo ilipoonekana kwamba daktari aliyeahidi kufanya kazi yote alitoka akaenda kwa wagonjwa wengine, akaendelea mwingine ambaye familia haikuwahi kuambiwa, na baadaye kijana akaachiwa wahudumu huku damu inapigwa deki sakafuni. Yule mama alipambana miaka. Sheria ikapitishwa 2021, ikaanza kazi Septemba 2023, kwamba vyumba vinavyopasua watu waliolazwa usingizi viwe na kamera, na mgonjwa akiomba irekodiwe, irekodiwe. Wao huko wana jina la hiyo kitu, wanaita daktari mzimu.

Nilirudia kusoma mara tatu. Halafu nikarudi kwenye ile picha ya patasi na nyundo, nikajikuta natenganisha vitu viwili ambavyo kichwani mwangu vilikuwa kimoja.

Anayegonga huku daktari ameshika patasi, anasaidia. Anayeshika patasi daktari akiwa chumba cha pili, huyo ni daktari wako na hukumchagua. Ule mstari wa fomu unawafunika wote wawili kwa blanketi moja. Ndiyo kilichokuwa kinanikera, sasa nikakijua. Mwandishi wa ile fomu angeongeza mistari miwili tu, nani atakata, nani atasaidia na ni wa daraja gani, wino haungeisha. Mimi naona ni uvivu, na pengine uvivu unaomfaa mtu.

## Anayejifunza

Hapa ndipo nilipokwama zaidi, na sijui kama nimekwamuka.

Hawa wanaosomea ubingwa. Shoga yangu alinipa hesabu rahisi: kila daktari mwenye mkono mzuri leo kuna pua ya kwanza aliyowahi kugusa, na ilikuwa ya mtu. Ilikuwa na dada yake nje anasubiri. Huwezi kutaka wataalamu wa kesho halafu kila mmoja akasema wajifunzie kwa jirani.

Sawa, nakubali. Nakubali kabisa, kwa pua ya jirani.

Nikajaribu kujiuliza kwa haki, mimi mwenyewe ningekubali? Nilijijibu ningekubali ashikilie kulabu, afyonze damu, akate uzi, labda hata ashone mishono ya mwisho pale chini kati ya matundu, daktari akimwangalia. Halafu nikakumbuka ule mshono ndio kovu lenyewe litakaloonekana, wakati kukata kule ndani hakuna atakayekuona, nikarudi nyuma tena. Unaona? Hata kujua kipi ni kidogo na kipi ni kikubwa huwezi bila mtu wa kukuelezea. Nilikuwa napanga madaraja ya hatari kwa kubahatisha.

## Kichwa kimechukuliwa

Mtu ambaye sikuwa nimemwogopa hata kidogo ni wa usingizi. Nikidhani anachoma sindano anaondoka kunywa chai.

Kwenye tumbo au mguu mtu wa usingizi anakaa kichwani, ndiyo eneo lake, njia ya hewa iko mbele ya macho. Kwenye pua kichwa kimechukuliwa. Mpasuaji yuko pale, msaidizi yuko pale, shuka zimefunika, na ule mrija uliopita mdomoni kwenda kwenye koo ndiyo uhai wenyewe, na uko chini ya viwiko vya watu wawili. Kwa hiyo anatumia mrija uliokunjwa uelekee kidevuni, anaugandisha katikati kabisa ya mdomo wa chini, kwa sababu akiuvuta pembeni hata kidogo mdomo unapinda, na pua inaonekana imepinda wakati haijapinda, daktari akanyoosha kitu kilichokuwa kimenyooka! Hilo lilinimaliza. Plasta ya mtu wa usingizi inaweza kuharibu pua.

Yeye ndiye anashusha presha kiasi ili damu isizibe kazi. Yeye anaangalia moyo daktari anapochoma ganzi yenye adrenalini, kisha wote wanangoja kama dakika kumi au kumi na tano mishipa ijibane, na shoga yangu anasema hizo ndizo dakika za kimya kuliko zote. Ikiwekwa gozi kooni ya kuzuia damu isishuke tumboni, anaiandika ubaoni, kwa sababu gozi iliyosahaulika kooni inaua mtu ambaye upasuaji wake ulikwenda vizuri.

Na mwishoni, watu wameshaanza kuvua glavu, ndipo kazi yake inapokuwa ngumu. Nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini, damu inaweza kuganda ikajificha pasipoonekana. Ukitoa mrija bila kufyonza pale, donge linashuka linaziba hewa. Madaktari kwa Kiingereza wamelipa jina la afisa anayechunguza vifo, ndiyo utani wao. Tena mgonjwa akikosa pumzi hapo, kumbandika barakoa ya hewa usoni ni kukandamiza mifupa iliyokatwa nusu saa iliyopita. Kwa hiyo amwamshe taratibu, asikohoe sana, asipigane, halafu ampeleke kwa mwingine tena, wa chumba cha kuzindukia, anayekaa akiangalia kitu kimoja nisichokijua kabisa: kama mgonjwa anameza meza mate. Anayemeza kila mara huenda anameza damu inayotoka nyuma, hata kama mbele gozi ni nyeupe.

Nilihesabu. Kwa pua moja, watu sita.

## Majina

Hii ndiyo iliyonigeuza kabisa.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya upasuaji, ukurasa mmoja, vipengele 19. Waliijaribu kwenye hospitali 8 za nchi mbalimbali, kuanzia Toronto na London mpaka Ifakara, na matokeo yaliyotoka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa karatasi! Inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka chumbani.

Ile ya kabla ya kisu inaanza hivi: kila aliyemo ndani ajitambulishe kwa jina na kazi yake.

Nilimwuliza shoga yangu, mnafanya kweli au mnasaini tu? Akasema kwake wanafanya, mwanzoni waliona aibu, watu wamefanya kazi pamoja miaka mitano halafu unasema "naitwa fulani, nesi wa vifaa". Lakini anasema mtu akishatamka jina lake kwa sauti, baadaye akiona kitu hakiko sawa hanyamazi. Hata akiwa mdogo kuliko wote. Msaidizi anayejulikana jina ndiye anayethubutu kusema "daktari, gozi moja haipo".

Nikakaa na hilo kidogo, halafu nikaona saa yenyewe inapofanyika. Kabla ya kisu ni baada ya usingizi.

Yaani watu watano, ukimtoa wa kuzindukia, wanazunguka meza wakitajiana majina, na aliyelala juu ya meza ndiye pekee asiyesikia.

Nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia yote, hadi nyundo. Alinyamaza, kisha akasema, "siku nne, dada?" Nikaomba radhi.

## Siku yenyewe

Asubuhi daktari alipopita na kalamu yake ya kuchorea, mdogo wangu akamwuliza kabla hajakaa vizuri. Mle ndani watakuwa kina nani, na nani anafanya nini?

Nilitegemea akunje uso. Alifunika kalamu kwanza. Halafu akahesabu kwa vidole, akataja jina la kila mmoja na kazi yake, kukata na kuchonga akasema ni yeye mwanzo hadi mwisho na hatoki chumbani, msaidizi wake yuko mwaka wa mwisho wa ubingwa, atashikilia, atashona baadhi ya mishono, na atagonga.

"Kama hutaki agonge, niambie sasa hivi, hakuna atakayenuna."

Mdogo wangu akauliza, "amewahi kugonga?"

"Na mimi, tangu mwaka juzi."

"Basi agonge."

Majina yenyewe, kusema kweli, yaliingia sikio hili yakatokea lile. Tulikuwa na hofu. Dakika ishirini baadaye wakaja kumchukua, na mimi nikakaa kwenye benchi nikajaribu kuyakumbuka hata moja nikashindwa. Saa mbili na nusu. Nilikuwa najua kila hatua na nikagundua kujua hakupunguzi urefu wa saa, kunaongeza tu vitu vya kuwaza: sasa wanangoja adrenalini, sasa bakuli, sasa ta-ta.

Nilipoingia alikuwa amekaa nusu, kichwa juu, plasta ngumu puani, macho yamevimba. Alikuwa anapumua kwa pupa, pua imezibwa na mwili ulikuwa haujaamini kwamba mdomo unatosha. Nesi wa kuzindukia alikuwa ameinama usoni kwake, anapumua naye kwa mdomo wazi, hivi, hivi, kama mtu anayemfundisha mtoto kupuliza moto. Na jicho lake moja lilikuwa kooni. Nikajua anatazama nini.

## Siku ya saba

Kutoa plasta tulimkuta daktari na dada mmoja mwembamba, mpole, ambaye ndiye aliyefanya kazi yote ya kulowesha na kubandua pole pole huku daktari amesimama nyuma, mikono mfukoni. Kioo kikaletwa. Mdogo wangu hakukiangalia.

"Wewe ndiye uliyegonga?"

Yule dada akamtupia jicho daktari kwanza. Kisha akasema ndiyo.

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu." Akafikiria kidogo, kipande cha plasta bado kiko mkononi. "Huwa nasikiliza mlio. Patasi ikifika kwenye mfupa mnene mlio unabadilika, hapo nasimama hata kabla hajasema."

Mdogo wangu akamwomba jina lake. Akalitaja, haraka haraka, kama mtu asiyezoea kuulizwa. Mdogo wangu akalirudia akakosea, akarekebishwa, akalirudia tena. Ndipo akachukua kioo.